Kocha Aliyetukalisha Kwenye Maji Baridi

Sisi wasichana tulimwita Kocha. Wazazi wetu walimwita Mwalimu, kwa sababu kazi aliyoajiriwa kufanya katika shule yetu, nje kidogo ya Nuu, ilikuwa kufundisha hesabu. Mbio alituongezea mwenyewe bila kuombwa na mtu. Hata mkewe alimwita Kocha. Nilimsikia siku moja akimwita hivyo kutoka jikoni, muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, ukiwa umeiva, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka kushindana na jina hilo.

Alikuwa mwembamba, mwenye hatua za haraka hata anapokwenda tu kufunga mlango. Hakuwa mtu wa kupiga watoto. Katika shule ambayo kila mwalimu alikuwa na fimbo yake kwenye kona ya ofisi, yeye alikuwa na saa ya kupimia mbio, ameining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, na tuliiogopa zaidi ya fimbo. Ukikimbia vibaya hakukugombeza. Alikuonyesha saa, akaiacha mbele ya macho yako mpaka uangalie chini.

Lakini watu wa kwetu wakimkumbuka hawakumbuki saa. Wanakumbuka maji.

Nyuma ya stoo ya shule, upande usiofikiwa na jua, aliweka nusu ya tanki la plastiki. Tanki lenyewe lilikuwa limepasuka juu, fundi seremala akalikata katikati kwa msumeno, nusu ya chini ikabaki nzima. Jioni tulilijaza maji, yakalala nje. Asubuhi, baada ya kukimbia hadi kwenye barabara ya lami na kurudi, tuliingia humo wawili wawili, sketi zetu za michezo zikielea, tukakaa maji yakiwa kiunoni. Mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado juu ya vilima, maji yale yalikuwa kama visu. Miguu iliuma, halafu ikawaka, halafu ikapotea kabisa, ukawa unaiona tu pale chini kama miguu ya mtu mwingine.

"Kukimbia kumeisha, lakini miguu bado haijui," alituambia. "Maji ndiyo yataiambia."

Aliyatoa wapi mawazo hayo, hakuficha. Alikuwa ameona video kwenye simu yake, wakimbiaji wa nchi za mbali wakiingia kwenye mapipa yaliyojaa barafu, wakifunga macho. Alituonyesha video ile mara nyingi sana hata tukawajua wale wakimbiaji kwa sura. Haikusema mtu akae kwa muda gani. Kwa hiyo Kocha, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliamua tukae kwa muda wa wimbo mmoja wa ibada, beti zake zote, na sisi wenyewe ndio tuliimba. Tuliimba haraka. Alitambua, akaanza kuongoza wimbo yeye mwenyewe, polepole, kama watu wanaoimba matangani, huku tukimtazama kwa chuki.

Lazima niseme ukweli hapa, kwa sababu baadaye watu walisema kila kitu alichofanya kilikuwa ujinga. Maji yale yalitusaidia. Kabla yake, ukikimbia vilima Jumatatu, Jumanne ulishuka ngazi za darasa kinyumenyume. Tulipoanza kukaa kwenye tanki, uchovu uliondoka mapema, na Jumanne tulikuwa tayari tena. Nilikuwa na miguu mipya karibu kila siku, na msichana mwenye miguu mipya huamini chochote anachoambiwa na aliyempa.

Kocha mwenyewe aliogopa baridi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alivaa sweta ya kahawia mwaka mzima, mahali ambapo mbuzi hutafuta kivuli kabla ya saa nne. Mkewe alimchemshia maji ya kuoga hata mwezi wa Februari. Tulimwona Kocha akivuka ua na beseni linalofuka mvuke. Wasichana wakubwa walipomwuliza kwa nini yeye haingii, alijibu kwamba yeye hakimbii. Jibu hilo halikumtosha hata yeye, nadhani, kwa sababu asubuhi moja alivua viatu na sweta akaingia na suruali yake. Hakupiga kelele. Midomo ilibadilika rangi, meno yakagongana, na tukamwimbia wimbo ule polepole kabisa, kwa furaha mbaya, mpaka ubeti wa mwisho. Alitoka akitetemeka, akaenda nyumbani, na vipindi vyake vya asubuhi vikafundishwa na mwalimu mwingine. Hakuingia tena. Lakini hakuna aliyemwuliza tena.

Maji ndiyo yaliyomgombanisha na akina mama. Mwaka ule mvua ilikataa, na visima vya mchangani, kule mtoni, vilizidi kwenda chini. Wanawake waliamka kabla ya mapambazuko kwenda kupanga foleni na punda wao. Halafu wakasikia kwamba shuleni kuna maji ya kukalia. Mama yake Mwende alimngoja Kocha barabarani. Mwende ndiye aliyekuwa bora kuliko sisi sote, na pia rafiki yangu, kwa hiyo nilikuwepo.

"Mwalimu," mama akasema, "haya maji watoto wetu wanakalia, sisi ndio tunayaamkia."

Kocha alivua kofia. Alisema ameelewa. Mama akaendelea, kwa sauti ya chini kwa sababu sisi tulikuwa karibu, kwamba pia msichana akikalishwa kwenye baridi kila siku hatazaa, na kwamba yeye hakumpeleka mtoto shuleni akaharibiwe tumbo. Kocha alimjibu kwamba hakuna mahali ameona jambo hilo limeandikwa. Mama akamwuliza kama kila kitu cha wanawake kimeandikwa. Kocha akavaa kofia yake.

Tangu siku hiyo aliteka maji mwenyewe. Alikuwa na punda wake, akawa anakwenda Jumamosi kwenye kisima cha mbali ambako foleni ilikuwa fupi. Na maji hayakumwagwa tena: tulipotoka, mbuzi wake walikunywa, na yaliyobaki yakaenda kwenye miche ya mipapai. Watu walisema mbuzi wa Kocha wanalelewa kwa jasho la wasichana. Alisikia, kwa sababu kila mtu alisikia, lakini hakuacha.

Msimu wa joto maji pekee hayakutosha. Yalikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Hapo ndipo alipoanza mambo ya barafu. Dukani Nuu kulikuwa na friza ya soda, na mwenye duka alikubali kumgandishia maji kwenye pakiti tupu za maziwa. Kocha alizifunga kwa gunia na maranda ya mbao, akazileta kwa bodaboda, akimhimiza dereva njia nzima. Mara nyingine umeme ulikatika akaleta gunia la maji. Alikwenda pia zahanati kumwomba nesi vile vipakiti vya barafu vya kubebea chanjo. Nesi alimkatalia, akamwambia watoto wa surua ni wengi kuliko wakimbiaji. Alirudi akitusimulia jambo hilo bila hasira, akasema nesi yuko sawa. Kesho yake alikwenda kumwomba tena.

Ndivyo alivyokuwa. Aliweza kukubali kabisa kwamba amekosea, na bado asigeuke.

Ukiwa na mafua alikurudisha nyumbani wiki nzima, hata ukilia. Ukiwa kwenye siku zako alijua bila kuambiwa, akakupa kazi ya kushika saa. Lakini mguu ukiuma hakukuhurumia, kwa sababu kwa mguu alikuwa na dawa. Alikukalisha kwenye benchi, akafunga pakiti ya barafu kwa taulo, akaikaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akachuchumaa mbele yako akikutazama usoni. Baada ya muda aliuliza, "Bado?" Ukisema bado, alingoja. Ukisema imeisha, alisimama, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuiona hata siku tuliposhinda. Nadhani wengi wetu tulisema imeisha ili tuone uso ule.

Mwende alianza kuumwa mguu wa kushoto, mbele, chini ya goti, muhula ule tuliojiandaa kwa mashindano ya kaunti. Alifungwa barafu kila jioni. Tulikwenda Kitui mjini naye akashinda mita elfu tatu, akiwaacha wengine mbali hata watu wa jukwaani wakacheka. Sisi tulipiga vigelegele. Kocha alikwenda nyuma ya basi la shule akakaa huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akatuambia ni vumbi. Alikuwa na haki ya kulia. Katika shule yetu, msichana aliyemaliza kidato cha nne aliolewa au alikwenda kufanya kazi za ndani kule Mlolongo, karibu na Nairobi. Mwende alikuwa amezungumziwa na watu wa chuo fulani, kwamba akifanya vizuri kwenye mashindano ya kanda wangemchukua wamsomeshe. Kocha alilitaja jambo hilo mara moja tu, kisha akatukataza kulizungumza, kama mtu aliyebeba yai.

Mashindano ya kanda yalikuwa mjini Wote. Tulisafiri kutoka Nuu usiku ukiwa bado haujaisha, tukafika jua likiwa limechomoza. Mimi nililala njia nzima. Nilipoamka, Mwende alikuwa amekaa kiti cha mbele na Kocha, mguu wake juu ya ndoo ya barafu. Alishuka akirukaruka, akicheka, akasema hausikii ule mguu kabisa.

Alianguka mzunguko wa mwisho, kwenye kona, akiwa anaongoza. Hakuna aliyemgusa. Wengine walisema walisikia mlio. Mimi sikusikia kitu, niliona tu mguu ukikunjika mahali pasipokuwa na kiungo.

Hospitalini daktari alituonyesha picha. Alisema mfupa ulikuwa na ufa wa siku nyingi kabla ya asubuhi ile, na kwamba mtu mwenye ufa wa namna hiyo huumia sana, hawezi kukimbia. Alitaka kujua msichana alikimbiaje. Wazazi wa Mwende walikuwa wamefika, na mwalimu mkuu, na sisi wenzake tulikuwa tumejipanga ukutani. Kocha alisimama mlangoni. Alikuwa bado ameshika ile ndoo, maji yakidondoka sakafuni, mpaka mama mmoja wa kufanya usafi akamwomba kwa upole aitoe nje.

Aliporudi, mama yake Mwende alikuwa anamwuliza binti yake kama Mwalimu alijua.

"Hakujua," Mwende akasema. "Nilificha. Nilitaka kukimbia."

Ilikwisha hapo. Daktari aliandika alichoandika, mwalimu mkuu akashusha pumzi, mama akafunika uso kwa leso. Kocha hakusema kitu. Tulimwonea huruma. Niliwaza, maskini, amedanganywa na mtu aliyempenda kama mtoto wake.

Mwende aliwekewa chuma. Kidonda kikaoza, chuma kikatolewa, kikawekwa kingine. Mwaka mzima wa shule ulipotea hivyo, na mguu ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Watu wa chuo hawakuja tena, na sioni kwa nini wangekuja. Sasa anashona sare za shule pale sokoni Nuu. Anazungusha cherehani kwa ule mguu ulio mzima. Julai ikifika, baridi humwingia mfupani pale palipovunjika, na hufunga mguu kwa blanketi huku akishona. Hajaolewa. Mama yake, kabla hajafa, alikuwa akiwaambia watu kwamba ni yale maji.

Kocha hakurudi muhula uliofuata. Tuliambiwa ameomba uhamisho, yuko upande wa Makueni. Sisi tuliobaki tulijaribu kukimbia peke yetu. Tulikwenda hadi lami na kurudi, hakuna aliyeshika saa, tukaingia kwenye tanki na kuimba. Ilikuwa kama kuigiza. Mmoja aliacha, wawili wakaolewa, wengine tukasema tunasomea mtihani. Tanki likachukuliwa na mwalimu mkuu kunyweshea ng'ombe.

Mimi nilisomea mambo ya dawa, kozi fupi, nikapata kazi kwenye duka la dawa hapa Wote. Vijana wanaocheza mpira huja jioni kununua dawa za kupuliza za baridi, na nawaambia kila mara jambo moja: baridi inatuliza maumivu, haiungi kitu, ukiumia pumzika. Wananiitikia ndiyo dada, wanalipa, na Jumamosi nawaona uwanjani wamejipuliza mguu mzima.

Mwaka jana, mchana mmoja wa joto kali, aliingia mzee akaomba kitu cha magoti. Nilimtambua kwa sweta. Haikuwa ile ya kahawia, ilikuwa ya kijivu, lakini nani mwingine angevaa sweta siku ile? Alikuwa amepungua, na zile hatua za haraka zilikuwa zimekwisha. Nilimwita Kocha. Alinitazama muda, akataja jina langu, halafu jina la baba yangu, kuonyesha hajasahau. Aliniambia anaishi Kiboko, kwa mtoto wake, karibu na barabara kuu, mkewe alifariki, amestaafu. Nilimwuliza kama alifundisha tena mbio kule alikohamia. Alisema hapana, hesabu tu.

Nilimpa kiti. Nilimletea chupa ya maji ya kunywa, akayanywa yote. Aliuliza habari za wenzangu mmoja mmoja, kwa majina, nami nikamwambia: huyu ameolewa kule Mwingi mjini, huyu yuko Mlolongo kiwandani, huyu hatujui. Mwende alimwacha awe wa mwisho.

"Anatembea?"

"Anatembea, Kocha. Anachechemea, lakini anatembea."

Aliitikia kwa kichwa. Aligeuza ile chupa tupu mikononi.

"Yeye husema nini? Juu ya ile siku."

Nilimwambia kwamba husema vilevile alivyosema hospitalini, kwamba alimficha maumivu. Kwamba hajawahi kumlaumu mbele ya mtu. Nilidhani namfariji.

"Aliniambia," Kocha akasema. "Kwa basi. Mlikuwa mmelala. Alisema, Kocha, leo si msuli, leo ni mfupa. Nikamwambia barafu itatoa." Akaiweka chupa juu ya kaunta. "Na ilitoa."

Nje, mtu alikuwa anapima kipaza sauti cha mkutano wa injili, moja, mbili, moja, mbili.

"Pale hospitali nilingoja aseme," akaendelea. "Akasema vile alisema. Nikajiambia, nitasema ukweli baadaye kidogo, watu wakipungua."

"Na walipopungua?"

"Walipungua," akasema.

Akasimama kwa kushika kaunta. Alitaka kulipia dawa nikakataa, naye akaweka pesa pale pale juu ya kioo, akaikunja vizuri risiti, akaenda. Hakuniambia nimsalimie Mwende. Nilimtazama akivuka barabara kuelekea stendi, akisimama kungoja kila gari, hata lililokuwa mbali.

Jumapili, baada ya kanisa, nilimpigia Mwende. Nilikuwa nimejiambia sitamwambia, lakini sikuweza kulibeba peke yangu. Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza alisema kwamba hajasikia jambo jipya, yeye ndiye aliyekuwa kwenye kile kiti.

Nilimwuliza kwa nini basi alisema vile, mbele ya mama yake, mguu ukiwa umevunjika.

"Wangemfukuza," akasema. "Mimi nilikuwa nimeisha. Nilitaka abaki na nyinyi, muendelee kukimbia."

Nilishika simu. Hakuuliza kama tuliendelea, kwa sababu mwaka ule wote wa kuuguza mguu alikuwa pale Nuu, kwenye kitanda kando ya dirisha linalotazama barabara, na alijua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyepita tena akikimbia.